Shikamoo haisafiri kwa barua pepe

Mtu wa Iringa akiingia ofisini kwa mwenzake haanzi na shida iliyomleta. Ataanza na kamwene, salamu ya huko, atauliza za nyumbani, za baridi, za mvua, na mwenye ofisi naye atauliza zake. Dakika mbili tatu zitapita kabla hoja haijatajwa, wala hakuna atakayeona kwamba muda umepotea. Mtu huyohuyo akikaa mbele ya kompyuta anaandika: "Nimetuma CV naomba jibu." Hakuna jina, hakuna salamu, wala haijulikani ni CV ya kazi gani. Mwingine anateleza upande wa pili: anajaza aya nzima kwa "natumaini u mzima wa afya kama mimi huku niliko", kama tulivyofundishwa kuandika barua za kirafiki shule ya msingi, na ombi lenyewe linakuja kujificha mstari wa kumi na mbili.

Makosa hayo mawili yanatoka shina moja. Adabu yetu imejengwa juu ya sauti, uso na muda wa kukaa pamoja, na barua pepe haibebi hata kimoja kati ya hivyo. Kinachofika ni maandishi kwenye kioo, na anayeyasoma huenda yuko ndani ya daladala kati ya Uyole na Mafiati, simu mkono mmoja, bando linaelekea kwisha. Heshima anayoweza kuiona mtu huyo ni moja: kwamba umempunguzia kazi. Hajalazimika kukisia wewe ni nani, unataka nini, lini, wala afungue faili lipi kwanza.

Barua ya serikali na simu ya mkononi

Barua pepe ya Kitanzania ina wazazi wawili wasioelewana. Mmoja ni barua rasmi: Kumb. Na., S.L.P. kulia juu, YAH: kwa herufi kubwa na mstari chini yake. Mwingine ni ujumbe wa simu, "mambo vp, ile ishu imefikia wapi". Ukimfuata wa kwanza neno kwa neno unajaza juu ya barua vitu ambavyo programu imeshaviandika yenyewe, yaani tarehe, saa, jina na anwani yako. Ukimfuata wa pili unamwachia mpokeaji kitendawili, maana "ile ishu" miezi sita baadaye hata wewe hutaikumbuka.

Njia ya kati inategemea barua inakwenda wapi. Halmashauri, ofisi ya mkoa au chuo cha umma bado kina masjala. Huko jambo halianzi kutembea mpaka liingie kwenye jalada. Kwa hiyo andika barua kamili yenye kumbukumbu namba, sahihi na muhuri kama unao, iwe PDF, uiambatishe. Ndani ya barua pepe weka mistari mitatu tu ya kusema ni barua gani na inahusu nini. Karani wa masjala ataichapa na kuipa namba. Ukiandika ombi lote ndani ya barua pepe, atalazimika kuchapa ukurasa wenye vichwa vya kompyuta na sahihi isiyokuwepo, na mara nyingi utaambiwa ulete barua "ya maana". Kwa kampuni ya chai Mufindi, mnunuzi wa parachichi Rungwe au shirika lisilo la kiserikali mambo huwa mepesi zaidi. Hapo barua pepe yenyewe ndiyo barua.

Kichwa

Neno "Habari" kwenye nafasi ya mada halisemi kitu. "Haraka" ni baya zaidi, kwa kuwa linaamuru kabla ya kueleza. Simu nyingi huonyesha herufi kama thelathini hadi arobaini za mada, kisha zinakata. Neno lenye uzito litangulie: "Miche 500 ya parachichi: naomba bei kabla ya Ijumaa" linaeleweka hata likikatwa katikati, ilhali "Naomba kuuliza kuhusu uwezekano wa kupata…" linakatwa kabla halijafika popote.

Ile Re: inayojiweka yenyewe unapojibu si ufupisho wa neno la Kiingereza la kujibu, kama wengi wanavyodhani. Asili yake ni Kilatini, maana yake ni "kuhusu jambo hili", ndugu wa damu wa YAH: yetu. Iache ilivyo. Ukifuta mada na kuandika nyingine, Gmail inauvunja mfululizo na kuanzisha mazungumzo mapya, na mpokeaji anakosa yale mliyoyaandika mwanzo. Kinyume chake pia ni usumbufu: kuibukia barua ya mwaka jana ya "Ratiba ya mitihani" na kuitumia kuomba cheti, kwa sababu tu ilikuwa karibu. Jambo jipya, mada mpya.

Kuhusu herufi kubwa, mwongozo wa adabu za mtandao uliotolewa mwaka 1995 kwa jina la RFC 1855 ulishasema kwamba maandishi yote ya herufi kubwa yanasomeka kama kelele. Mazoea ya YAH: yametufanya tuone ni jambo la kawaida. Kwenye karatasi ni la kawaida. Kwenye kikasha cha barua pepe yanafanana na tangazo la bahati nasibu.

Jina, cheo na salamu

Hapa ndipo penye mitego mingi kwa watu wa nyanda za juu kusini. Majina ya Kinyakyusa yanayoanza na Mwa- hayasemi kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke. Barua inayoanza "Bw. Mwaipopo" inaweza kumfikia mama wa watoto wanne. Kiswahili kimetupa dawa ya bure, neno Ndugu, lisilobagua jinsia, na bado ni rasmi. Kama mtu ana shahada ya uzamivu au uprofesa, Dkt. na Prof. navyo havina jinsia. Mheshimiwa ni wa mbunge, diwani, mkuu wa wilaya, hakimu na wa aina hiyo. Ukimpa kila meneja, neno hilo linapoteza uzito. Mwalimu ni heshima kamili kwa anayefundisha, hata chuo kikuu, ingawa wapo wanaopenda vyeo vyao vitajwe, na njia ya kujua ni kutazama wanavyojisaini.

Jina lisiandikwe kwa kukumbuka. Mwakalinga si Kalinga, na mtu ambaye jina lake limekatwa kichwa huliona hilo kabla ya kitu kingine chochote. Nakili kutoka kwenye sahihi yake ubandike.

Halafu kuna shikamoo. Kijana aliyelelewa vizuri anaona vibaya kumwandikia mkubwa bila hiyo, nami naona aiache kwa ajili ya simu na uso kwa uso. Sababu si kwamba ni ya kizamani. Shikamoo inadai marahaba, nayo kwenye barua haina pa kuitikiwa mpaka kesho yake au zaidi, na hapo barua imeshageuka ya salamu. Isitoshe, mtu humwamkia anayemjua umri. Afisa rasilimali watu unayemwandikia kwa mara ya kwanza anaweza kuwa mdogo kwako kwa miaka sita, na shikamoo yako itamfanya acheke au aone haya. "Habari za kazi" au "Habari za asubuhi" inatosha, mstari mmoja. Kisha hoja.

Sababu ya mstari mmoja ni ya kiufundi pia. Kikasha huonyesha mada pamoja na maneno machache ya mwanzo wa barua. Yakiwa yote ni salamu, mpokeaji anaona orodha ya "Natumaini hujambo" kumi na tano zinazofanana na anachagua kwa kubahatisha.

Barua ya mwanafunzi anayetafuta nafasi ingekuwa hivi:

*Mada: Ombi la mafunzo kwa vitendo, Julai–Septemba, umeme*

*Ndugu Meneja,*

*Habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya uhandisi wa umeme katika chuo kilichopo Mbeya. Naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika kiwanda chenu kwa wiki nane, kuanzia Jumatatu tarehe 14 Julai.*

*Nimeambatisha barua ya chuo na wasifu wangu, PDF mbili, jumla KB 600. Chuo kinahitaji jina la mahali nitakapokwenda kabla ya tarehe 20 Juni.*

*Nitashukuru kwa jibu lolote, hata kama nafasi hazipo.*

Chini yake jina kamili, namba ya usajili na simu. Tazama mstari wa mwisho. Unampa meneja ruhusa ya kusema hapana. Kwetu kumkatalia mtu waziwazi ni kazi nzito, na wengi hukwepa kwa kukaa kimya; ukimfungulia mlango huo unapata jibu la haraka na unaendelea kutafuta kwingine. Ukubwa wa mafaili nao umetajwa kwa makusudi, na tutaona kwa nini.

Nakala ni silaha

Cc, ile nafasi ya nakala, ni masalia ya karatasi ya kaboni iliyokuwa ikiwekwa kati ya karatasi mbili kwenye mashine ya chapa. Kazi yake ni kumjulisha mtu asiyetakiwa kufanya kitu. Aliye kwenye "Kwa" anatakiwa kutenda, aliye kwenye nakala anasoma tu. Ukiwaweka watu watano kwenye "Kwa" na ombi moja, kila mmoja anadhani mwenzake atalifanya, na wiki inaisha. Kama ni lazima wote wawe hapo, taja jina na kazi ndani ya barua: nani ataleta takwimu, nani ataandaa usafiri.

Lakini nakala ina lugha ya pili ambayo kila mfanyakazi anaielewa. Ukimwandikia mhasibu kuhusu posho iliyochelewa na ukamweka mkurugenzi kwenye nakala, hujamjulisha mkurugenzi. Umemshtaki mhasibu. Huenda anastahili, ila ajue mapema. Utaratibu unaolinda uhusiano ni kumwandikia mwenyewe kwanza, kumkumbusha mara moja, kisha kumwambia waziwazi kwamba barua ijayo itakwenda na kwa mkubwa wake. Ukiruka hatua hizo posho utapata, na kila fomu yako ya baadaye itakuwa na kasoro.

Nakala fiche, ile ya Bcc, inafaa zaidi kwa barua ya watu wengi wasiojuana: wazazi wa darasa, wakulima wa chama cha msingi, waombaji wa kazi. Weka anwani yako mwenyewe kwenye "Kwa", wote waliobaki kwenye nakala fiche. Anwani ya mtu ni taarifa yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imelifanya jambo hili lisiwe la hisani tu. Akaunti ya kawaida ya Gmail haipeleki kwa zaidi ya watu 500 kwa siku, kwa hiyo orodha ndefu igawe. Matumizi mabaya ya nakala fiche ni kumsikilizisha bosi kimyakimya unapojibizana na mtu. Linaaibisha kwa njia rahisi sana: bosi akibonyeza "Jibu wote", jibu lake linafika kwa yule mnayejibizana naye, na siri imekwisha.

"Jibu wote" yenyewe, hesabu yake ni hii. Watu 40 kwenye orodha, kila mmoja akijibu wote "Asante, nimepokea", kila kikasha kinapokea barua 39, jumla 1,560, na hakuna habari ndani yake hata moja. Shukuru kwa aliyeandika peke yake.

Na unaposambaza barua, shuka mpaka chini kabisa kabla ya kutuma. Mfanyabiashara wa viazi anayemfowadia mteja wa Dar es Salaam barua ya "mzigo uko tayari" anaweza kuwa ameburuta mkia wenye bei aliyonunulia shambani Uporoto. Futa mkia, au nakili sehemu inayohusika uanze barua mpya.

Viambatisho na mtandao wa milimani

Gmail inakubali barua ya hadi MB 25. Wengi wanakwama na faili la MB 20 wasielewe kwa nini. Faili likipelekwa kwa barua pepe hubadilishwa kuwa herufi, na herufi hizo huchukua nafasi kubwa kuliko faili lenyewe kwa karibu theluthi moja. MB 20 inageuka kama 27. Kikomo halisi ni MB 18 hivi, na hata hiyo ni ukatili kwa mtu aliye Makete au Ludewa bondeni anayesubiri mnara. Picha moja ya simu ina MB 3 hadi 5. Picha nane za shamba zinatosha kuimaliza siku yake. Zipunguze kabla ya kutuma, au weka kiungo cha Google Drive, hifadhi ya mtandaoni, na ukikiweka hakikisha umefungua ruhusa ya kusoma. Kiungo kilichofungwa kinamlazimisha mtu aombe kitu ambacho wewe ndiye uliyetaka akione.

Cheti kilichoskaniwa kwa ubora wa nukta 150 hadi 200 kwa inchi kinasomeka vizuri na hubaki chini ya MB 1 kwa ukurasa. Vyeti vitano viwe PDF moja, kwa mpangilio uliotajwa kwenye tangazo. Jina la faili liseme lina nini na la nani. "scan0003" kwa afisa aliyepokea maombi mengi ni sawa na bahasha isiyoandikwa kitu. PDF kwa kitu cha kusomwa, Word kwa kitu unachotaka kirekebishwe.

Mpangilio mzuri wa kazi ni huu: ambatisha kwanza, andika barua pili, jaza anwani mwisho. Barua isiyo na anwani haiwezi kuponyoka kwa bahati mbaya. Gmail pia ina nafasi ya kutengua kutuma, sekunde 5 kwa kawaida, lakini ukiingia kwenye mipangilio kwa kompyuta unaweza kuifikisha 30. Zikipita hizo, hakuna kurudisha.

Mbona, nashangaa, sawa

"Mbona hujanijibu?" kwa sauti ya mtu wa Tukuyu anayecheka ni utani. Kwenye kioo ni mashtaka. "Nashangaa", "kama nilivyokwisha kueleza" na "naomba uelewe" vyote vinasomeka vikali kuliko vilivyokusudiwa. "Sawa" peke yake, na nukta, inasikika kama mtu aliyenuna. "Sawa, nitaleta Jumatano" haina shida. "Nataka" iwe "naomba". Ila usizidishe upande huo pia: samahani nne katika barua moja zinamfanya msomaji atafute kosa lako.

Utani wa Mhehe na Mngoni usiandikwe kabisa. Unaishi kwa sababu anayetania na anayetaniwa wanaonana. Ukisambazwa kwa mtu wa tatu asiyejua kuwa hao ni watani, unakuwa tusi la kikabila lenye tarehe na saa. Na lina uzito, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua rekodi ya kielektroniki. Kilichoandikwa kinaweza kufika mezani kwa hakimu.

Saa za nani?

Sharika nyingi za Kilutheri za Iringa zina urafiki na sharika za Minnesota, Marekani, na barua zinakwenda na kurudi. Ukiandika "tuongee 04/07", wewe unamaanisha tarehe 4 Julai, wao wanasoma Aprili 7. Andika mwezi kwa jina. Ukiandika "saa 2 usiku" na mtu akaitafsiri kwa programu, ataamka usiku wa manane. Andika "saa 20:00 za Afrika Mashariki". Wao wako nyuma kwa saa 8 au 9 kutegemea msimu, maana hubadilisha saa zao mara mbili kwa mwaka; saa 4 asubuhi ya Iringa ni saa 7 au 8 usiku kwao, na hiyo ndiyo sababu ya ukimya wao. Barua zao fupi zinazoanza kwa jina la kwanza tupu si dharau. Ndivyo wanavyoandikiana.

Nyumbani, ofisi za serikali hufanya kazi saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Barua ya Ijumaa jioni ihesabu kuwa ya Jumatatu. Kumbusha baada ya siku tatu hadi tano za kazi, kwa kujibu juu ya barua yako ileile ili asitafute. Kuna desturi yetu ambayo vitabu vya kigeni haviitaji nami naiunga mkono: ujumbe mmoja wa simu, "Habari za kazi, nimekutumia barua pepe leo kuhusu miche, naomba uipitie ukipata nafasi." Mmoja, mchana, kama namba alikupa mwenyewe.

Barua iliyotumwa stesheneri

Watu wengi hawana kompyuta, na maombi ya kazi hutumwa kutoka stesheneri za Mwanjelwa, Soweto au Kihesa. Kosa kubwa ni kutumia akaunti ya mwenye duka. Afisa anaona barua kutoka kwa jina la duka, na akijibu, wito wa usaili unabaki dukani mpaka mtu akumbuke kukuita. Fungua akaunti yako, ni bure, kwa jina lako halisi. Anwani ya utani uliyoifungua ukiwa kidato cha pili iache ipumzike. Kushoto kwa ile alama ya @ aliyoichagua mhandisi wa kompyuta Ray Tomlinson mwaka 1971 ni mtu, kulia ni nyumba anayokaa. Kwa sababu hiyohiyo mtumishi mwenye anwani ya .go.tz au .ac.tz asiandike mambo ya ofisi kwa akaunti yake binafsi. Anayepokea hana namna ya kujua kama ni yeye au ni tapeli.

Ukimaliza pale dukani, toka kwenye akaunti, kataa kivinjari kisihifadhi neno la siri, na futa vyeti vyako kwenye kompyuta ile, ikiwemo ndani ya kapu la taka.

Ukigundua baadaye kwamba umetuma faili lisilo lenyewe, tuma barua moja ya pili, isizidi moja. Jibu juu ya ile ya kwanza ili zikae pamoja, na mstari wa kwanza wa barua useme: "Marekebisho: wasifu niliotuma saa 5 asubuhi ulikuwa wa zamani, tafadhali tumia huu wenye tarehe ya leo kwenye jina la faili." Usieleze umeme ulikatika saa ngapi wala nani alibonyeza.